Ugonjwa Sugu, Kimelea Sugu: Stafilokokasi katika Mapafu Yaliyochoka

Neno "sugu" limebeba maana mbili, na wagonjwa wetu wa kifua huumia kwa sababu ya kuzichanganya. Ugonjwa sugu wa mapafu ni ule unaodumu kwa miaka: mirija ya hewa iliyobaki imetanuka baada ya kifua kikuu kupona, au mapafu yaliyoharibiwa na sigara na moshi wa kuni. Kimelea sugu ni bakteria asiyekufa tena kwa dawa iliyokuwa ikimmaliza. Mtu anaweza kuishi na ugonjwa sugu bila kuwa na kimelea sugu hata kimoja. Hata hivyo, wengi wakishaambiwa kwamba tatizo lao ni sugu, huamini kwamba walichokosa ni dawa kali zaidi, na huanza kuitafuta wenyewe.

Stafilokokasi ni bakteria wanaojulikana zaidi kwa majipu na vidonda vyenye usaha. Takriban watu 3 kati ya 10 huwabeba puani bila kuumwa chochote. Katika mapafu yenye afya, vinyweleo vidogo mno hufagia ute kuelekea kooni mchana na usiku, hivyo bakteria anayevutwa pamoja na hewa hapati muda wa kuweka makazi. Mirija ikishatanuka na kupoteza vinyweleo hivyo, makohozi hutuama na stafilokokasi hupata pa kukaa. Hapo wanaweza kuishi kwa miezi bila kuleta shambulio jipya, na kuwakuta kwenye makohozi hakumaanishi kwamba ndio waliomwamsha mgonjwa usiku akihema. Kwa mtu mwenye mapafu yaliyoharibiwa na sigara au moshi, mara nyingi zaidi kisababishi huwa ni virusi au bakteria wa aina nyingine.

Usugu wa bakteria hawa una historia ndefu. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928 kwenye sahani ya kuoteshea stafilokokasi katika maabara ya Alexander Fleming jijini London, na katika miaka ya 1940 tayari walikuwapo stafilokokasi waliotengeneza kimeng'enya cha kuivunja. Methisilini ilipoanza kutumika Uingereza mwaka 1959 kama jibu la tatizo hilo, haikupita miaka miwili kabla ya bakteria sugu kwake kuripotiwa. Hawa ndio tunaowaita MRSA. Wao hawaivunji dawa, bali wana protini nyingine ya kujengea ukuta wao, ambayo dawa haiwezi kuishika. Ndiyo maana amoksilini, kloksasilini na hata sindano ya seftriaksoni hushindwa kwa pamoja: zote huzaliwa katika ukoo mmoja na hulenga mahali palepale.

Kinachomweka mgonjwa wa mapafu katika hatari zaidi ni wingi wa dozi anazopitia. Mwambie atoe alichotumia mwaka huu, naye atakutolea vibahasha vya dawa: vidonge vinne vya rangi mbili vilivyobaki, azithromaisini ya siku tatu, Septrin aliyogawiwa na jirani. Kila dozi huua bakteria walio dhaifu na kuwaachia nafasi wale wanaoihimili. Hata dawa iliyoandikwa kwa usahihi ina gharama hiyo. Azithromaisini ya muda mrefu huwapunguzia baadhi ya wagonjwa mashambulio, nasi huiandika tunapoona faida yake ni kubwa, lakini huongeza usugu wa stafilokokasi dhidi ya dawa za jamii yake. Kwa wagonjwa wa sistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu kuwa mzito) wa Ulaya na Marekani waliotumia kotrimoksazoli, yaani Septrin, kwa muda mrefu, wameonekana stafilokokasi wanaokua polepole na kuotesha madoa madogo mno kwenye sahani, kiasi kwamba mtaalamu asiyewatafuta anaweza kuwapita. (Anayeishi na VVU na kupewa Septrin ya kinga asiiache kwa kusoma haya, faida yake kwake inajulikana vizuri.)

Kwa hiyo, ombi letu kubwa ni makohozi kabla ya dozi. Sukutua kinywa kwa maji safi asubuhi, vuta pumzi kwa kina, kohoa kutoka kifuani, kisha ufikishe kichupa maabara mapema, ikiwezekana ndani ya saa mbili. Mate hayatufai, tukiona seli nyingi za mdomoni kwenye hadubini, tutaomba sampuli nyingine. Bakteria wakishaota, tunawasambaza kwenye sahani na kuweka juu yake vidonge vya karatasi vyenye dawa. Dawa inayofanya kazi huacha duara safi pembeni yake. Kwa sefoksitini, ambayo hutumika kuwatambua MRSA, duara lisipofika kipenyo cha milimita 22 tunaandika "sugu", na daktari hufikiria dawa kama vankomaisini, inayotolewa kwa mshipa hospitalini.

Rangi ya makohozi pekee isikutishe, kwa kuwa mwenye mirija iliyotanuka anaweza kutoa makohozi ya njano hata siku anapojisikia vizuri. Tunachokiangalia ni mabadiliko: yameongezeka, yamezidi kuwa kama usaha, na pumzi inabana kuliko kawaida yako. Hapo njoo kituoni, tena upesi ukiona damu au ukishindwa kumaliza sentensi bila kupumzika. Usinunue levofloksasini ukiwa njiani, hasa kama uliwahi kuugua kifua kikuu, kwa maana hutuliza dalili zake kwa muda na kukichelewesha kugunduliwa. Ukiwa na hali mbaya, daktari ataanza tiba siku hiyohiyo baada ya sampuli kuchukuliwa. Majibu ya kuotesha huchukua siku mbili hadi tatu. Rudi kuyachukua hata kama umepata nafuu, kwa kuwa huenda dawa uliyoanzishwa ikabadilishwa au kusimamishwa, na uitunze karatasi yake pamoja na kadi yako ya kliniki.