Breketi ya altaneta: chuma kinachoamua mkanda utaishi au utaliwa

Breketi ya altaneta ni chuma kinachoishika altaneta, mashine inayotoa umeme wa gari na kuchaji betri, kwenye injini. Wengine tunaiita mkono wa altaneta, lakini jina hilo linataja nusu tu ya kitu chenyewe, kwa sababu vyuma ni viwili. Cha kwanza ni kitako, kinachofungwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, au kwenye hedi, sehemu yake ya juu. Ndani yake hupita bolti ndefu, na altaneta huizungukia bolti hiyo kama mlango kwenye bawaba. Cha pili ndio mkono wenyewe: upapi wa chuma wenye mwanya mrefu uliopinda. Unaivuta altaneta nje, fenibelti, yaani mkanda unaoizungusha, inakaza, kisha unafunga nati kwenye mwanya ili ibaki pale pale.

Kwa gari ya kiwandani isiyoguswa hakuna la kuchagua, breketi huja na injini yake. Kuchagua kunaanza pale injini ni kongwe, au imejengwa ionekane kongwe. Wamarekani wana gari wanazoziita hot rod. Tangu miaka ya 1930 na 1940, vijana wa California walikuwa wakichukua Ford za zamani, ile ya 1932 ikipendwa mno, wakazivua madigadi na kuzipa injini ya nguvu. Mara nyingi injini huachwa wazi, kila bolti inaonekana, na mwenye gari hutaka altaneta ijifiche chini kana kwamba haipo.

Hot rod sijaiona katika barabara za Unguja wala Pemba, ila shida yake tunayo. Chukua Land Rover ya Series II au IIA. Ilitoka na dainamo, mashine ya zamani ya kuchaji betri, ya Lucas C40, yenye ampea zipatazo 22. Ukiongeza taa kali na redio, dainamo inaelemewa na betri inabaki na njaa. Ndipo mtu anapotafuta altaneta, kama Lucas 16ACR ya ampea 34. Lakini dainamo ni ndefu na nyembamba, altaneta ni fupi na nene. Kitako cha dainamo hakiifai, lazima kitafutwe kingine.

Nilijifunza hili njiani baina ya Wete na Chake. Breketi nilikuwa nimeikata mwenyewe kwenye pleti, nikapima kwa jicho, na puli ya altaneta, gurudumu linalopitiwa na mkanda, ikakaa mbele ya zenzake kwa milimita kama tano. Mkanda ulikuwa ukiingia puli kwa upande, unasagika taratibu, mpaka jioni ile ukakatika. Taa zilianza kuwa za njano. Lakini kilichonitia hofu zaidi ni sindano ya joto, maana mkanda ule ule ndio unaozungusha pampu ya maji na feni. Breketi iliyokaa vibaya inaweza kuua injini nzima, na ndiyo maana nalishughulikia jambo hili kuliko ukubwa wake unavyoonekana.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakichukuliwi kwenye altaneta. Kinachukuliwa kwenye puli ya kranki, mhimili mkuu wa injini, na puli ya pampu ya maji, kwa rula ndefu ya chuma iliyonyooka. Hizo mbili zimeshaamua mstari wa mkanda, na ya tatu haina budi kuufuata. Ikipotea zaidi ya milimita moja na nusu hivi, rudi kwenye kitako.

Mfano ulio wazi zaidi ni V8 ndogo, injini ya silinda nane, ya Chevrolet iliyotoka 1955, injini inayopendwa sana na wajenzi wa hot rod. Za mwanzo zina pampu ya maji fupi. Kuanzia 1969 gari nyingi zilipewa pampu ndefu, na tofauti ya hizo mbili inapita inchi moja. Tena hedi nyingi za kabla ya 1969 hazina matundu ya bolti kwenye ncha zake, hivyo breketi ya baadaye haina pa kushika. Breketi nyingine zilifungwa kwenye manifoldi ya ekzosi ya chuma cha kusubu, inayokusanya moshi kutoka kwenye hedi. Ukiitoa manifoldi hiyo ukaweka mabomba, breketi imekosa nyumba. Anayeagiza kwa kusema tu "nataka ya Chevrolet V8" bado hajasema kitu: ataje pampu, hedi na ekzosi.

Jambo la pili ni mkumbatio. Mkanda uikumbatie puli ya altaneta walau theluthi ya mzunguko wake. Altaneta ikisukumwa chini mno kwa ajili ya kupendeza, mkanda unaigusa kidogo tu, unateleza na kupiga kelele. Mimi ningeiacha ionekane.

Halafu masikio. Masikio ya altaneta, yaani vishikio vyake vyenye matundu ya bolti, ni ya aluminiamu. Kukiwa na nafasi baina ya sikio na kitako, usiizibe kwa kukaza bolti, sikio litavunjika. Ijaze kwa bushi ya chuma iliyokatwa sawasawa. Kwa altaneta ya Delco 10SI kuna msaada mwingine: ukitoa bolti nne za mwili wake unaweza kuuzungusha robo duara, ili plagi ya waya isigonge hedi.

Kwetu visiwani kuna la ziada, nalo ni chumvi. Altaneta nyingi hupata athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia breketi, chuma kwa chuma. Rangi nzuri uliyopaka, au kutu iliyoingia chini yake, inakata njia hiyo na chaji inashuka. Kwangua rangi pale vyuma vinapogusana, paka grisi, kisha ongeza waya wa athi kutoka mwili wa altaneta mpaka bloku. Breketi ya aluminiamu inang'aa, lakini bolti za chuma ndani yake hushikana kwa hewa ya bahari, basi nazo zipakwe grisi kabla ya kufungwa. Kwa gari ya kazi nachagua pleti nene ya chuma. Na kama gari ni ya Kiingereza ya zamani, hakikisha kwanza ni ncha ipi ya betri iliyofungwa kwenye bodi: nyingi zilifungwa chanya, na altaneta iliyoundwa kwa hasi itaungua diodi zake, vipande vya ndani vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, mara tu ukiunganisha.

Ukimaliza, bonyeza mkanda kwa dole gumba kwenye urefu wake mkubwa. Ukiingia kama nusu inchi, inatosha. Tembea siku moja au mbili kisha bonyeza tena, kwa kuwa mkanda mpya hunyooka, na mkono wa breketi uwe umebakisha mwanya wa kuuvutia.