Papaoutai: baba anayeulizwa, si baba anayesifiwa

Papaoutai ya mwanamuziki Stromae ilitoka Mei 2013 na mpaka leo haijachuja. Nimewahi kuisikia harusini, bwana harusi anaingia ukumbini na wapambe wake wanarusha mabega. Hakuna aliyeshtuka. Mdundo ulishawabeba, na Kifaransa wengi wetu hatukijui. Ila wimbo huu umezungukwa na maneno mengi yasiyo ya kweli, na mengine nayasikia kwa watu wanaokijua Kifaransa vizuri tu.

Dhana: Papaoutai ni neno la Kilingala, au la Kinyarwanda

Ni swali, tena la Kifaransa cha mtaani: "Papa, où t'es?", yaani "Baba, uko wapi?" Limeandikwa kwa kufuata sikio, maneno yote yakabanwa yakawa moja, kama mtu aandike "Babaukwapi". Kuchezea maneno ni tabia ya huyu bwana. Hata jina Stromae ni "maestro" iliyogeuzwa silabi, kama vijana wa Ufaransa na Ubelgiji wanavyogeuza maneno yao. Sisi utotoni tulikiita kinyume.

Dhana: Ni wimbo wa kuomboleza mauaji ya kimbari

Hii ndiyo ngumu kuing'oa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Stromae, jina lake halisi Paul Van Haver, alizaliwa Brussels Machi 1985. Baba yake, Pierre Rutare, alikuwa Mtutsi wa Rwanda, msanifu majengo, na aliuawa katika mauaji ya mwaka 1994. Mtoto alikuwa na miaka 9. Mtu akishayajua hayo, anausikiliza wimbo mzima kama tanzia.

Lakini yafuate maneno yenyewe. Rwanda haitajwi. Hakuna panga, hakuna kaburi. Kuna mtoto anayetaka kuambiwa baba anatoka wapi, ili naye ajue anakokwenda. Mama anamjibu kwamba baba hayuko mbali, ni kazi tu zinamwondoa mara kwa mara. Nyumba ngapi kwetu zimelelewa na jibu hilo la "baba kasafiri"? Kisha mtoto anauliza baba kajificha wapi, maana yeye keshahesabu vidole vyake si chini ya mara elfu. Aliyecheza kombolela anaijua hesabu hiyo: unafumba macho, unahesabu, unafumbua, unakwenda kuwasaka wenzio. Huyu akifumbua haoni mtu, anafumba tena.

Ukiyajua maisha yake, hilo halishangazi. Rutare hakuwa baba wa kila siku hata alipokuwa hai. Mama, Mbelgiji wa upande wa Waflemi wanaosema Kiholanzi, ndiye aliyelea, na Van Haver ni jina la ukoo wake. Kwa hiyo baba alikosekana mara mbili, na kwa masikio yangu wimbo unalia zaidi na ile mara ya kwanza.

Dhana: Basi ni wimbo wa kumtukuza marehemu

Hapo watu wanauchanganya na nyimbo za aina nyingine kabisa. Mwimbaji Céline Dion alitoa Parler à mon père mwaka 2012, miaka 9 baada ya kufiwa na baba yake, na ule kweli ni wimbo wa mwana anayetamani kuongea na mzee wake. (Wengi hudhani Céline kautunga mwenyewe. Mtunzi ni Jacques Veneruso.)

Papaoutai aliiandika Stromae mwenyewe, na haina ubani. Inasema kila mtu anajua watoto wanavyotengenezwa, ila akina baba wanavyotengenezwa hakuna anayejua. Halafu inageuka, na hapa ndipo wacheza dansi wanapopitwa: ipo siku sisi wenyewe tutakuwa baba, na ghafla tutakuwa tumetoweka. Je, tutachukiwa au tutaheshimiwa? Tutakuwa wenye kuzaa tu, au magwiji? Kwa Kifaransa maneno hayo mawili yanaanza kwa sauti moja, kwa hiyo utani na kidonda vinafika pamoja. Kiswahili changu hakijaweza kuubeba mchezo huo.

Dhana: Yule baba kwenye video ni sanamu

Ni Stromae mwenyewe, kajikausha kama mwanasesere wa dukani. Watoto wa jirani wanacheza na wazazi wao, wamevaa sare. Wa kwake anamvuta, anamchezea, hapati kitu. Mwisho mtoto anakaa kando yake, naye kakauka vilevile. Wanaosema video ile ni ya kuchekesha nadhani huizima kabla haijafika hapo.

Dhana: Ni Mfaransa, na Rwanda aliisahau

Ni Mbelgiji. Kuhusu Rwanda, alipangiwa kuimba Kigali Juni 2015, akaahirisha kwa sababu dawa ya kujikinga na malaria ilimdhuru vibaya. Angeweza kuishia hapo na hakuna ambaye angemlaumu. Tarehe 17 Oktoba mwaka huohuo alipanda jukwaani Kigali, na hapo ndipo alipoifungia ziara ndefu ya albamu ya Racine carrée, albamu yenye Papaoutai ndani yake.