Pedali si efekti

Mwezi uliopita, kwenye harusi moja ya Ngamiani, hapa Tanga, mpiga besi aliinama kuchomeka kisanduku kidogo mbele ya miguu yake, na mpiga solo akamcheka: "Bwana we, besi haihitaji efekti." Kisanduku chenyewe kilikuwa cha kupimia nyuzi, kama zimekazwa sawasawa. Hakibadilishi sauti hata chembe; ukikikanyaga huizima tu, ili wageni wasisikie nyuzi zikikazwa.

Efekti ni badiliko linalofanyiwa sauti: mkwaruzo, mwangwi, au ule ubanaji unaosawazisha mapigo mazito na mepesi. Pedali ni kile kinachokanyagwa, kama kisanduku kile, basi.

Neno pedali asili yake ni Kilatini, ambamo "pedis" ni "ya mguu", na sisi wa Tanga tulilizoea kwenye baiskeli kabla ya kuliona jukwaani, wala sijamsikia mtu akiita pedali ya baiskeli mwendo. Kinachonichekesha zaidi ni kwamba katika vinanda vikubwa vya makanisani pedali ndizo zinazokanyagwa kutoa noti nene za chini, hata wanamuziki wa Ulaya wakaipa jina hilohilo noti ya besi inayoshikiliwa huku nyingine zikibadilika juu yake. Besi ilikuwa na pedali karne nyingi kabla gitaa halijatiwa umeme. Wengine huandika "athari" badala ya efekti, nalo si neno baya, ila masikioni mwetu athari ni alama inayobakia baada ya jambo, aghalabu jambo baya, ilhali mkwaruzo wa gitaa huisha ukiuzima.

Je, mpiga besi anahitaji efekti? Si lazima. Uzi wake mnene kuliko yote hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, nusu ya ule wa gitaa la kawaida, na pedali nyingi za mkwaruzo zilizoundwa kwa ajili ya gitaa hupunguza sauti hizo za chini. Ndiyo maana nyingi za besi huwa na kitufe cha kuchanganyia sauti safi. Katika taarabu ya magitaa ya umeme, kama ile ya kikundi cha Black Star cha hapa Tanga, sauti safi inatosha kabisa.

Kwa hiyo mpiga solo yule angesema besi haihitaji mkwaruzo, nisingebishana naye. Alichokuwa akikinyooshea kidole, hata hivyo, kilikuwa kipima nyuzi, na usiku ule gitaa lake ndilo lililokihitaji zaidi.