Sikwensa: kina si wingi wa menyu

Sikwensa ni mashine inayokumbuka mpangilio wa muziki: noti ipi ipigwe, lini, kwa nguvu kiasi gani. Nyingine hazina sauti yoyote ndani yake. Kazi yake ni kutuma amri kwa kinanda au mashine ya ngoma kupitia MIDI, lugha ambayo vyombo vya kielektroniki vimeelewana kwayo tangu 1983. Hapa nasemea ile yenye vitufe vyake yenyewe, si programu ya kompyuta.

Urahisi ni kitu cha kuona kwa macho. Roland TR-808, mashine ya ngoma ya 1980 yenye sikwensa ndani yake, ina vitufe 16 kwenye mstari mmoja, kila kimoja hatua moja, yaani nafasi moja ya kuweka pigo. Bonyeza cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13, kiki (ngoma nzito ya chini, si ile ya magazeti ya udaku) inadunda mara nne. Basi.

Kina ndicho kinachowachanganya watu. Maprodyuza wengi wa hapa Dodoma wakisikia mashine "ina kina" wanahesabu kurasa za menyu. Mimi nahesabu kingine: kitendo kidogo kimezaa muziki kiasi gani? Weka mstari wa kiki wenye hatua 16 na wa njuga wenye hatua 12. Inaanza pamoja, inaachana, inakutana tena baada ya hatua 48. Sasa ile 12 ifanye 15. Haikutani mpaka hatua ya 240, ambayo kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, hatua nne kwa kila pigo, ni nusu dakika nzima, na wewe umegusa namba moja tu. Aliyewahi kusimama karibu na muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, hatashangaa. Pigo la mmoja mmoja ni fupi na linajirudia; utamu uko pale mapigo yanapoingiliana.

Kwa hiyo kina kizuri hukaa chini ya kitendo ambacho mkono umeshakizoea. Mashine za kampuni ya Elektron zinafanya hivyo vizuri: shikilia kitufe cha hatua, zungusha kirungu, na sauti ya hatua ile peke yake inabadilika. Hakuna ukurasa mpya wa kufungua. Lakini jambo likihitaji vitufe vitatu kwa pamoja halafu menyu ya nne, hata liwe la ajabu namna gani, jukwaani hutalikumbuka.

Nikipiga mbele ya watu natumia mawili tu: urefu wa mistari, na kunyamazisha mstari mmoja kisha kuurudisha. Hayo mengine nayachezea nyumbani usiku, hasa umeme ukikatika, kwa sababu Korg Volca, mashine yangu ndogo yenye sikwensa, inakula betri 6 ndogo na haijali. Kupanga wimbo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho naiachia kompyuta.