Je, wajua kwa nini sindano ya kutunisha misuli huweza kumnyima mwanamume mtoto?

Kijana hunyanyua vyuma mwaka mzima, kifua kikapanda polepole. Mwenzake wa jimu huchoma sindano, na baada ya wiki chache mashati hayamtoshi. Ila siku akitafuta mtoto, kipimo hakionyeshi mbegu hata moja. Inakuwaje homoni ya kiume izime uzazi wa kiume?

Jibu liko kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere. Hiyo ndiyo huziamuru korodani zitengeneze testosteroni, yaani homoni ya kiume, na mbegu. Steroidi za kutunisha misuli ni testosteroni yenyewe au nduguze wa maabara. Zikijaa kwenye damu, ubongo huona homoni imetosha, na amri hukoma. Korodani zikikosa kazi husinyaa. Sindano nayo haiwezi kushika nafasi yao, kwani mbegu hukomaa tu pale testosteroni ndani ya korodani inapokuwa nyingi mno kuliko ile ya kwenye damu.

Akiacha, tezi huchukua miezi kuamka, pengine zaidi ya mwaka, na wapo ambao hali hairudi ilivyokuwa. Wakati huo hamu ya tendo hupotea, huzuni humwingia, misuli aliyoitolea jasho hupungua mbele ya kioo. Wengi hurudia sindano hapo, na kwangu mimi huo ndio mtego mkubwa kuliko yote.

Sehemu ya testosteroni ya ziada mwili huigeuza kuwa estrojeni, homoni ya kike, ndiyo maana wanaume wengine huota matiti. Moyo nao ni msuli: kuta zake hunenepa, huku lehemu (kolesteroli) mbaya ikipanda. Vidonge vingi huumiza ini. Kwa wanawake sauti huwa nzito, na hairudi. Ujerumani Mashariki, miaka ya 1970 na 1980, wasichana wanamichezo walipewa vidonge vya steroidi viitwavyo Oral-Turinabol wakiambiwa ni vitamini. Wengine wameishi na madhara yake hadi utu uzima.

Msizichanganye na prednisoloni ya pumu: hiyo ni steroidi ya aina nyingine, haijengi misuli, na mgonjwa asiiache kwa woga.

Aliyekwisha kuanza amweleze daktari alichochoma na kwa muda gani, bila aibu, kwani zipo dawa za kuziamsha korodani.