Stadi za maisha: maana yake, na sura yake katika madarasa ya Mtwara na Lindi

Wasemaji wa Kiswahili walilizoea neno "stadi" kwanza kama sifa ya mtu: fundi stadi, mshonaji stadi, nahodha stadi. Aliyeitwa nahodha stadi hakupewa sifa hiyo kwa kuwa anajua kusimulia namna jahazi linavyoongozwa, bali kwa kuwa amekwisha kuliongoza mara nyingi, bahari ikiwa shwari na ikiwa imechafuka. Neno hilo lilipoingia katika mihutasari ya shule kwa sura ya "stadi za maisha", lilipaswa kubaki na maana hiyohiyo, yaani jambo ambalo mtu analiweza kwa kulitenda. Bahati mbaya, maana hiyo ndiyo inayopotea kwanza pale mwalimu anapoandika kichwa cha mada ubaoni na wanafunzi wakaanza kunakili.

Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 1993 lilitoa mwongozo wa kufundisha stadi hizi shuleni, lilizieleza kuwa ni uwezo wa kuwa na mwenendo mwema unaoendana na hali, unaomwezesha mtu kukabili ipasavyo mahitaji na misukosuko ya maisha ya kila siku. Lilitaja stadi kumi za msingi: kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kufikiri kwa ubunifu, kupima hoja kabla ya kuikubali, kuwasiliana vizuri, kuhusiana na watu, kujitambua, kuhisi yanayompata mwenzako, kumudu hisia, na kuhimili msongo wa mawazo. Msomaji makini ataona kwamba katika kumi hizo hamna inayoitwa UKIMWI, wala mimba, wala dawa za kulevya. Hayo ni mambo ambayo stadi hutumika kuyakabili. Mwanafunzi anaweza kujua njia zote za maambukizi ya virusi vya UKIMWI, akazieleza bila kosa, na bado asiweze kumjibu dereva wa bodaboda anayemwambia apande bure kila siku.

Nchi nyingine zimeyakusanya mambo haya katika kipindi kimoja. Huko Uingereza shule zina somo linalounganisha mambo ya mtu binafsi, jamii, afya na uchumi, na tangu Septemba 2020 sehemu zake zinazohusu mahusiano, jinsia na afya ni za lazima katika shule za sekondari za England. Kwetu Tanzania somo la namna hiyo limetawanywa. Katika mtaala ulioanza mwaka 2005, somo la Uraia la kidato cha kwanza lilikuwa na mada za kukuza stadi za maisha, maisha ya familia, na mwenendo mwema na maamuzi. Biolojia ya kidato hichohicho iligusa afya, kinga ya mwili na UKIMWI, lakini mada ya uzazi ilisubiri kidato cha tatu. Yanayobaki huangukia kwa mwalimu wa ushauri na unasihi, matroni, patroni na klabu za wanafunzi. Mtaala mpya uliofuata toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Jambo hilo la lugha si dogo. Stadi za maisha zilipofundishwa kwa Kiingereza, mtoto wa Tandahimba, mkoani Mtwara, alijifunza majina ya kujithamini na kujiamini katika lugha ambayo hawezi kuitumia kuzungumza na mama yake jikoni, wala na mjomba wake shambani, yaani pale hasa stadi hizo zinapohitajika.

Ili tofauti ya maarifa, maonyo na stadi ionekane vizuri, tuchukue mfano wa kangomba, ambao kila mwanafunzi wa ukanda wa korosho wa Mtwara na Lindi anaufahamu. Kabla ya msimu kuanza, wakati chakula kimepungua na sare zimechakaa, hupita mtu mwenye fedha mkononi anayetaka kununua korosho ambazo bado ni maua, kwa bei ya chini sana kuliko ile itakayopatikana mnadani kupitia chama cha msingi cha ushirika na stakabadhi ghalani, mfumo ambao mazao huhifadhiwa ghalani yakisubiri mnada. Kujua kwamba biashara hiyo imepigwa marufuku ni maarifa. Mwalimu akisimama mstarini na kusema "msiwakubali watu wa kangomba", hayo ni maonyo. Stadi ni pale mwanafunzi anapoweza kukaa chini na kupiga hesabu ya kilo ambazo nyumba yao itazipoteza, kutafuta njia nyingine ya kupata fedha ya daftari, na kumkabili mkubwa wake kwa hoja bila kumvunjia heshima. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, na haifundishiki kwa kunakili.

Hapa miongozo mingi iliyotungwa mbali huteleza. Husema mwanafunzi afundishwe kusema "hapana" kwa sauti thabiti, akimtazama mwenzake machoni. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, ambao kwa mila yao ya ukoo wa kike mjomba ana kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake, kijana anayemjibu mjomba hivyo ataonekana amekosa adabu, na hoja yake itazikwa hapohapo. Mfikirie mwanafunzi aliye likizo ya Juni, aliyeagizwa kupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, akiwa amejifunga kitambaa tu puani. Stadi ya kujieleza kwake si kugoma. Anaweza kusema, "Shikamoo mjomba. Kazi nitaifanya, ila naomba kwanza tupate barakoa na miwani, maana jana macho yaliniwasha mpaka usiku." Sentensi hiyo ina utii, ina sababu, na ina sharti. Darasa likiigiza mazungumzo ya namna hiyo mara tatu au nne, wanafunzi wakibadilishana nafasi ya mjomba na ya mpwa, kipindi kimoja kitakuwa kimefanya kazi kuliko kurasa kumi za maelezo.

Wala uigizaji si jambo geni huku. Unyago wa wasichana na jando la wavulana, mila za kumtoa mtoto utotoni ambazo bado zina nguvu katika mikoa hii miwili, hufundisha kwa nyimbo, ngoma, mafumbo na kurudia matendo mpaka mwali, yaani anayefundwa, ayaweze, na kungwi au somo, yaani mlezi aliyemfunda, hubaki mshauri wake hata baada ya mwali kutolewa. Kwa upande wa mbinu, naona unyago umeitangulia shule. Umeelewa kwamba mafunzo ya maisha hayakai kichwani mpaka yapite mwilini, na kwamba anayefundishwa anahitaji mtu wa kumrudia. Tofauti iko katika lengo. Unyago humwingiza mtoto katika nafasi ambayo jamii imekwisha kumwandalia, ilhali stadi za maisha zinamtaka apime, aulize, na ikibidi achague njia nyingine. Tena kuna watoto wanaochezwa unyago wakiwa bado shule ya msingi, kisha wakaambiwa wamekua, huku shule ikiwahesabu kuwa watoto na sheria ikiwalinda kama wanafunzi: tangu marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Elimu, anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Binti anayesikia kauli hizo mbili kwa wakati mmoja anahitaji msaada wa kuzipatanisha, na mada ya uzazi ikisubiri kidato cha tatu humkuta ameshaamua mengi peke yake.

Mila hizo zina athari nyingine ambayo mwalimu aliyepangiwa kazi Ruangwa au Nanyumbu akitokea mkoa wa mbali huchelewa kuitambua. Anauliza kuhusu hedhi mbele ya darasa lenye wasichana na wavulana, na darasa zima linainamisha vichwa. Anaandika katika taarifa yake kwamba wanafunzi hawana uelewa. Kumbe baadhi yao walikwisha kufundishwa, na walifundishwa pia kwamba mambo ya ndani hayasemwi mbele ya asiyeyapitia. Ukimya ule ni adabu. Mwalimu anayelijua hilo hutenga vipindi vya wasichana na vya wavulana kwa mada chache za mwanzo, huweka sanduku la maswali yasiyo na majina, na hutumia maneno ya staha ambayo wazazi wenyewe wangeyakubali. Baada ya hapo madarasa huweza kuunganishwa, kwa sababu mvulana naye anapaswa kujua hedhi ni nini kabla hajamcheka dada yake.

Sehemu ya taarifa za afya na haki ni rahisi zaidi kufundisha, mradi iwe sahihi. Wanafunzi waambiwe kwamba tangu mwaka 2019 mtu wa miaka 15 anaweza kupima virusi vya UKIMWI bila kibali cha mzazi. Kwamba chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi hutolewa kwa wasichana tangu mwaka 2018. Na kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Mambo haya hutajwa mara moja na kueleweka.

Kipimo ndicho kinachosumbua. Swali la mtihani linalosema "taja stadi nne za maisha" hujibiwa vizuri hata na mwanafunzi asiye na stadi hata moja, na mwalimu hana budi kumpa alama zote. Anayetaka kupima kweli atampa mwanafunzi kisa kisicho na jibu moja, kama kile cha kangomba, amsikilize anavyojieleza, kisha amuulize swali la pili linalopingana na jibu lake. Kazi hiyo hula muda, na katika darasa lenye wanafunzi wengi haitamalizika kwa kipindi kimoja. Klabu inayokutana mara moja kwa juma, ikiwa na wanafunzi 20 au 30, huiweza.