Makaa yakishakolea, jiko litoke chumbani

Upepo wa kusi unapoleta mvua za masika, majiko ya Kisauni, Likoni na Changamwe, hapa Mombasa, huhama. Jiko lililokuwa uani au barazani huingizwa ndani, mara nyingi kwenye chumba kile kile ambamo familia hulala. Wengine huliingiza hata usiku usio na mvua, kwa kuchelea likiachwa nje litaibiwa, au kwa sababu maharagwe hayajaiva na makaa yamepanda bei. Sababu hizo nazielewa vizuri. Hata hivyo, sisi tunaofanya kazi ya afya ya jamii tunaiogopa tabia hii kuliko nyingi nyingine za nyumbani.

Wengi hungoja moshi uishe ndipo waingize jiko, wakiamini kwamba makaa yakishika vizuri hayana tena madhara. Moshi una ubaya wake, lakini angalau huwasha macho na kukohoza, mtu akaukimbia. Makaa mekundu yaliyokolea, yasiyo na moshi hata kidogo, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ukiivuta hujishika kwenye chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoshinda ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu huendelea kuzunguka, lakini ubongo na moyo havipati hewa vinayoihitaji. Aliyelala anaweza kufa bila hata kushtuka.

Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husikia kichefuchefu, miguu humlegea, na mwisho huchanganyikiwa. Hapa kwetu pwani dalili kama hizo hudhaniwa haraka kuwa ni malaria. Basi tazama: je, waliomo chumbani wameugua pamoja? Je, hawana homa? Je, wakitoka nje wanapata nafuu? Hapo shuku jiko. Fungua milango na madirisha, toa watu kwanza, piga 999 au 112, na aliyeathirika apelekwe hospitali akapewe oksijeni hata akisema yuko sawa. Usipoteze muda kumnywesha maziwa. Hayaitoi gesi kwenye damu. Mama mjamzito asikae nyumbani hata kama dalili zake ni hafifu, kwa kuwa mtoto aliye tumboni anaweza kuumia zaidi yake.

Kuna wanaoweka beseni la maji kando ya jiko wakitumaini litanyonya sumu. Gesi hii haiyeyuki majini kwa kiasi cha kumwokoa mtu. Kulala sakafuni nako hakusaidii, maana uzito wake unakaribiana na wa hewa, hivyo huenea chumba kizima. Hata makaa machache ya chetezo ni makaa: fukiza udi wako, kisha chetezo kitoke kabla hujalala.

Mvua ikikulazimisha kupikia ndani, jiko liwe karibu na mlango uliofunguliwa, na dirisha la upande wa pili liwe wazi pia. Chakula kikiiva, litoke lingali na moto. Anayeogopa wizi azime makaa huko nje, kisha aingize jiko lililopoa. Namna nzuri ya kuzima ni kuyahamisha makaa kwa koleo hadi kwenye chungu au mkebe wa bati wenye mfuniko unaobana. Yakikosa hewa hufa, na kesho unayawasha tena. Mkebe huo nao ubaki nje mpaka upoe kabisa. Maharagwe yakilowekwa tangu asubuhi, hutakuwa na haja ya kukesha na moto.

Jiko lenyewe nalo linataka kutunzwa. Lile la udongo ndani ya bati, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hula makaa machache kuliko la bati tupu, lakini majivu yakiziba matundu yake hewa hupungua, na moto unaonyimwa hewa ndio unaotoa gesi nyingi zaidi. Likung'ute kila siku kabla ya kuwasha. Usilizime kwa maji, kwani udongo wenye moto hupasuka. Ukiona ufa mkubwa, mpelekee fundi aweke udongo mpya, maana bati likipigwa na moto moja kwa moja hutoboka. Kwa hewa yetu ya chumvi, kutu hula miguu upesi: litikise jiko, na likiyumba, usilibandike karai la mafuta ya mahamri, hasa pakiwa na watoto wanaocheza karibu.

Mafuta ya taa yasimiminwe kamwe kwenye makaa yaliyokwisha kushika, hata kama moto unaonekana kufifia. Mvuke wake hulipuka na mwali ukamrudia aliyeshika chupa. Petroli isikaribie jiko kabisa.

Majivu huficha kaa hai kwa saa nyingi. Yasitupwe kwenye ndoo ya plastiki, wala karibu na ua au paa la makuti. Yamwage kwenye karai la bati huko nje, yanyunyizie maji hadi yalowe, na uyaache hapo mpaka kesho yake.